Picha za Kichwa cha Mama

Waliponiambia nilete mama, nikamleta mama. Sikufikiri mara mbili, na hata leo ukiniambia nilete mama nitamleta yule yule. Mtu yeyote aliyelelewa katika nyumba kama yetu angefanya vivyo hivyo, kwa hiyo anayetaka kunicheka na anicheke akiwa huko huko kwao.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Musoma, nakaa Buhare. Mradi ulikuja mjini na mashine ya kupiga picha za ubongo, wakaifunga kwenye jengo walilopanga, wakaanza kutafuta wazee walioanza kusahau pamoja na watoto wao wa kuwazaa. Walitaka kujua kama ugonjwa wa kusahau unatembea kwenye damu, na kama unaweza kuonekana kichwani mwa mtoto kabla mtoto mwenyewe hajaanza kupoteza funguo. Walifika hadi shuleni kutueleza. Mwalimu mwenzangu aliyekaa kando yangu akanifinya paja, maana alijua kwamba mama yangu kule Butiama alikuwa ameanza kukoroga unga kwenye maji ya baridi na kuulizia kwa nini ugali hauivi.

Hapa lazima nieleze nyumba yetu, la sivyo msomaji asiyetoka Mara atanipotea njiani. Mama hakujaliwa kuzaa. Mume wake alipofariki, akafanya kile ambacho mwanamke mwenye mji wake, boma lake, na ng'ombe hufanya kwetu: akaoa. Alitoa mahari, akaletewa msichana, na nyumba ikawa nyumba ntobu, yaani nyumba ya mwanamke aliyeoa mwanamke mwenzake ili apate watoto. Watoto waliozaliwa, mimi na wadogo zangu, tulikuwa wa mwenye ng'ombe. Kuna nyumba ambazo watoto humwita mwenye ng'ombe bibi. Kwetu yeye ndiye alikuwa Mama, na aliyetuzaa tulimwita mama mdogo, na ni mama mdogo mwenyewe aliyetufundisha hivyo. Baadaye aliondoka akaolewa Bunda. Alituacha kwa sababu hatukuwa wake wa kuondoka nao. Sisemi kwa uchungu. Tulitembeleana, na akija alituletea sukari guru na vitenge vya mtumba.

Katika nyumba kama hizi kuna neno moja halitamkwi: hukunizaa. Unaweza kumtukana mama, unaweza kuiba maziwa ya wageni, utachapwa na yataisha. Neno hilo haliishi. Kijana mmoja wa jirani, wa nyumba kama yetu, alilitamka akiwa amelewa, na wazee wakachinja mbuzi kuusafisha mji. Yule mama hakupona hata baada ya mbuzi. Tangu siku hiyo alikuwa anakula akiwa amewapa watu mgongo, mpaka alipokufa.

Daktari wa mradi alikuwa binti kutoka Dar es Salaam, mpole, anayepiga goti kidogo akimsalimia mzee. Ningependa kumchukia, ingenirahisishia kazi, lakini hachukiki. Alituketisha mimi na mama kwenye meza moja akatusomea maelezo kwa Kiswahili kilichonyooka: mashine haina madhara, picha ni siri, haya si matibabu ni utafiti, na mtu anaruhusiwa kujitoa wakati wowote bila kuulizwa sababu. Kisha akamgeukia mama.

“Mama, huyu mwalimu ni mtoto wako wa kumzaa?”

“Sasa awe wa nani?” mama akasema, kidogo akasirike. “Si unaona hata sura? Huyu ndiye kifungua mimba wangu.”

Daktari akacheka, akanitazama mimi. Mama naye akanitazama. Nikasema ndiyo. Wangetuuliza kila mmoja chumba chake sijui ningejibu nini, lakini hawakutuuliza hivyo. Watu waliokuja kuchungulia hadi ndani ya fuvu hawakuona kilichokuwa kimekaa mezani.

Nilitangulia mimi kuingia, ili mama aone kwamba hailumi. Unalala chali kwenye kitanda chembamba, wanakufunika uso kwa kitu kama kizimba cha plastiki, wanakupa mpira mdogo mkononi uuminye ukitaka kutolewa, kisha kitanda kinaingia ndani ya tundu. Dari iko karibu na pua. Kelele zake ni za mashine ya kusaga inayozunguka bila nafaka. Kukohoa ni marufuku, na mate unayameza kwa wizi. Mimi ni mtu ninayesema ninachotaka kusema; mume wangu atakuthibitishia hilo kabla hujamaliza kumuuliza. Mle ndani nilijua kwamba wanapiga picha kichwa chenye uongo wa dakika chache zilizopita, na nikajiuliza kama uongo nao unaonekana. Nilitoka nimelowa jasho. Mama akaingia, akatoka akisema amelala usingizi mzuri, ila vijana wa siku hizi wana muziki mbaya.

Miezi ilipita. Daktari akaniita peke yangu.

Aliniwekea picha mbili kwenye kompyuta, yangu na ya mama, kijivu kwa nyeusi, kama mboga ya kabichi iliyokatwa katikati. Akanionyesha sehemu ambayo kwa mama ilikuwa imesinyaa. Akasema kwa upole kwamba ugonjwa upo, utaendelea, na dawa ya kuurudisha nyuma hakuna. Nililia kidogo. Akanisubiri, akanipa maji. Kisha akasema, “Mwalimu, hili sipaswi kukuhakikishia, lakini wewe ni damu yake. Tungependa kukufuatilia kila mwaka. Hata ukiziangalia hizi picha, hapa na hapa, mnafanana sana.”

Tunafanana! Nilitamani kucheka mpaka nianguke chini. Mama angesikia angechinja kuku. Nilimtazama yule binti, msomi, mwenye macho yaliyochoka kwa kuangalia vichwa vya watu, nikaona kwamba ameuona mfanano kwa sababu ameambiwa upo. Ningefungua mdomo pale pale. Nilikuwa peke yangu naye, mlango umefungwa. Lakini nikawaza: ataandika, atauliza, siku moja atamuuliza mama mwenyewe kwa Kiswahili chake kilichonyooka, “Mama, kumbe huyu hukumzaa?” Nikaufunga mdomo wangu nikarudi shule.

Cha ajabu ni kwamba niliogopa. Mimi ninayejua wazi kwamba hakuna tone la damu ya mama ndani yangu, nilianza kujichunguza. Nikiita majina ya wanafunzi asubuhi nikakwama kwa mmoja, moyo unaruka. Nikifika jikoni nikasahau nilichofuata, nasimama pale kama nguzo nikisikia ile mashine ya kusaga. Nilijiambia, mama wee, huo ugonjwa si wako, umeukuta kwenye karatasi. Haikusaidia. Walikuwa wameniingiza kwenye ule mstari wa damu, na nikaanza kuugua kama mwenye mstari.

Mwaka uliofuata mama alikuwa ameteremka sana. Maelezo aliyasikiliza kama mahubiri ya lugha ya kigeni, akaitikia amina. Daktari akasema kwa hali hiyo mama hawezi tena kukubali mwenyewe. Lazima ndugu wa karibu amkubalie. Nikauliza ndugu yupi. Akasema taratibu zao ni hivi: mtoto kwanza, na mtoto akikosekana, ndugu wa damu.

Ndugu wa damu alikuwepo. Kaka yake mama, mjomba wetu, anakaa hapo hapo Butiama, na yeye aliipenda ile mashine kuliko mtu yeyote. Hata umsomee mara ngapi kwamba si matibabu, haingii akilini mwake kwamba watu walete kitu kikubwa namna ile mjini, na gari la kumfuata mgonjwa nyumbani, kwa kutazama tu.

“Mwalimu, wewe unasomaga vitabu, mimi naangalia mtu,” aliniambia. “Siku ile alivyotoka mule, jioni alimaliza ugali yote. Aliniita na jina langu. Hiyo siyo dawa ni nini?”

“Mjomba, walisema wenyewe hawatibu.”

“Daktari mzuri hajisifiagi.”

Huwezi kumshinda mtu mwenye jibu kama hilo. Na sikuwa na ugomvi naye. Alitaka dada yake apone. Nikakubali mama aingie mara ya pili. Nilijiambia ni kulala tu, na mara ya kwanza si alilala?

Safari hii hakulala. Mimi nilikuwa nje ya kioo, kelele zinatikisa ukuta, na mafundi walisema ametulia vizuri, picha zinatoka safi. Kitanda kilipotolewa na kile kizimba kikaondolewa, nikaona machozi yamejaa masikioni. Yalikuwa yameteremka pande zote mbili muda wote huo. Alikuwa amekaza mwili wote isipokuwa mkono mmoja. Kwa mkono huo alikuwa ameushika ule mpira kwa vidole laini kabisa, jinsi mtu anavyoshika yai. Hakuuminya. Aliponiona akaninyooshea.

“Chukua,” akanong'ona. “Wamenipa niwashikie. Sijalivunja.”

Daktari alifadhaika, nitasema ukweli wake. Aliomba radhi mpaka sauti ikakatika. Akasema mara nyingine atakaa ndani naye, atamshika mguu. Mimi nilikuwa nimesikia neno moja tu: mara nyingine. Ule uhuru wa kujitoa wakati wowote walikuwa wameuweka kwenye mpira, na mpira wakampa mtu aliyesahau mpira ni wa nini. Niliondoka pale nimeapa kwamba mama hataingia tena kwenye lile tundu.

Kuapa ni rahisi. Nilipotulia nikaliona kosa la hesabu yangu. Sauti ya kukataa nilikuwa nayo kwa sababu moja tu, kwamba mimi ni mtoto wa kumzaa. Nikikataa, mjomba atakasirika, kwa sababu kwake nitakuwa namnyima dada yake dawa. Na mjomba akikasirika anahitaji kusema neno moja tu mbele ya daktari. Mtoto akosekane, ndugu wa damu apatikane, mama arudi kwenye tundu. Na mama atakuwa amelisikia.

Upande wa pili nako kulikuwa kumefungwa. Ningeweza kwenda kwa daktari kwa siri nimwambie, futa picha zangu, mimi si damu yake, utafiti wako una kichwa cha mtu baki. Ningelala usingizi. Pengine kuna mtu mahali fulani atakayeambiwa jambo la uongo kuhusu kichwa chake kwa sababu ya kichwa changu, na hilo linanikera mimi ninayewachapa watoto kwa kunakili majibu. Lakini siku nitakayosema hivyo, siku hiyo hiyo nimepoteza haki ya kusema asiingie. Ukweli ungenitoa mimi na kumwacha yeye ndani.

Nikaenda Bunda kwa mama mdogo. Ana banda la vitenge pale Manyamanyama, na hata uje na msiba, kwanza atakupimia kitenge. Nilimweleza yote huku akikunja na kukunjua.

“Unataka mimi nikwambie useme,” akasema. “Maana mimi ndiye niliyesikia uchungu.”

“Sijui ninataka nini, mama mdogo.”

“Mimi nilitoka kwa yule mama, lakini sikumbomolea nyumba. Nilikuwaga namsikia asubuhi anawaambia majirani, kifungua mimba wangu ameota meno, kifungua mimba wangu ameanza shule. Mimi nikiwa pale pale nasonga ugali. Unafikiri haikuniuma? Iliniuma. Lakini nilikuwa najua nikisema, yule mama anakufa akiwa anatembea.” Akanipa kitenge nilichokuwa nakitazama bila kukiona. “Wewe ndiye mwenye shida hiyo. Mimi niliiachaga kule kule.”

Nilirudi Musoma na kitenge.

Mwaka wa tatu daktari alikuja Butiama mwenyewe. Siku hizo walikuwa wanaanza kwa kumpima mzee kumbukumbu nyumbani kwake kabla ya kumpeleka mjini. Gari liliachwa nje ya uzio, dereva amelaza kiti. Tulikaa uani, mama kwenye kiti chake cha kamba, mimi kulia kwake, mjomba amekuja na shati la kanisani kana kwamba ni yeye anayepigwa picha. Nilikuwa nimeshaamua kwamba nitakataa, lakini sikujua mjomba atafanya nini.

Daktari alimuuliza mama mwezi gani huu, akasema ni wa kupalilia pamba. Alimuuliza yuko wapi, akasema kwake. Majibu hayo mimi ningeyapa alama. Kisha daktari akaniwekea mkono begani.

“Na huyu, mama? Huyu ni nani?”

Mama alinitazama. Alinitazama vizuri, uso mzima, macho maangavu kama zamani alipokuwa anakagua ng'ombe.

“Huyu ni mtoto wa yule msichana.”

“Msichana yupi, mama?”

“Niliyemuoa. Yule wa ng'ombe. Huyu ndiye alitangulia.” Akatikisa kichwa. “Mimi sikuzaa, mwanangu. Mimi Mungu hakunipa.”

Maisha yangu yote sikuwahi kusikia maneno hayo katika mji ule, na aliyeyasema ndiye mtu tuliyekuwa tunayaficha asiyasikie. Aliyasema bila uchungu wowote, kama anayetaja jina la kijiji. Ugonjwa ulikuwa umekula ile kufuli na kuacha kilichokuwa ndani.

Daktari alinitazama, kisha akamgeukia mjomba, kwa sababu mjomba alikuwa mkubwa pale.

“Mzee, ni kweli anavyosema?”

Alichotakiwa mjomba ni kuitikia tu. Wala asingekuwa amelitamka yeye. Dada yake mwenyewe amelitamka. Angeitikia, angekuwa ndugu wa damu, mashine yake angeipata, na mimi ningekuwa mgeni aliyekaa kulia kwa mgonjwa. Mjomba akautazama mkono wa dada yake, akalitazama gari nje ya uzio.

“Hapana, daktari,” akasema. “Ugonjwa huo. Huyu ni mtoto wake. Alimzaa humu humu ndani.”

Daktari akaninong'oneza pole, akaandika. Niliyaona maneno yake kwa sababu mwandiko wake ni mkubwa kama wa mtoto: hamtambui mtoto wake. Jibu pekee la kweli alilowahi kupata kutoka nyumba yetu, akaliandika kuwa ni dalili.

“Haendi,” nikasema. Sauti ilitoka juu kuliko nilivyotaka. “Mimi ni mtoto wake na nimekataa. Haendi leo, haendi tena, na mimi pia siendi. Picha zangu mzitupe.”

Daktari hakubishana. Alisema hilo ni haki yetu, akafunga mkoba, akapiga lile goti lake dogo kumuaga mama. Kuhusu picha akasema zilizokwisha kuchanganywa na za wengine hazichomoki. Zimo huko hadi leo, kichwa changu na cha mama, vimewekwa pamoja, na kuna watu wanaovisoma.

Mjomba aliondoka bila kuniaga. Nilipiga magoti nimvue mama viatu vya safari nilivyokuwa nimemvalisha wageni wasije kumkuta pekupeku. Alikuwa ametulia, amekunja uso, anasikiliza kitu ambacho mimi na mjomba tulikuwa tumekisema.

“Wewe,” akaniita. “Kaka yangu si mwongo.”

“Si mwongo, mama.”

“Kwa hiyo nilizaa?”

Kiatu kilikuwa mkononi mwangu. Nilingoja labda atasahau alichouliza, kama alivyokuwa anasahau mengine yote. Hakusahau.

“Ulizaa, mama.”

Akaweka mkono juu ya tumbo, juu ya kanga, akauacha pale. Uso ukafunguka polepole, sijawahi kuuona umefunguka hivyo.

“Niliumwa?” akauliza. “Uchungu uliniuma?”

“Ulikuuma sana, mama,” nikasema. “Ulilia mpaka majirani wakaja.”